Gesi Isiyo ya Kupikia

Asubuhi niliyoanza kazi ya upimaji nilikabidhiwa kopo la bati lenye mkaa ndani, nikakatazwa kulifungua. Msimamizi wa Kazi za Nje, bwana mmoja wa Kerala, India, aliyependa kusema kila jambo mara mbili, aliniuliza kama najua ni la nini. Nikamjibu kwamba kwetu Singida mkaa tunapikia. Hakucheka.

"Huu unakunywa hewa, sista," alisema. "Unakunywa hewa. Ukilifungua humu garini, tutampelekea mwenye jengo majibu ya gari letu."

Basi nikalipakata njia nzima mpaka Dubai Marina, kifuniko nimekibana kwa dole gumba. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kabla ya siku hiyo nilikuwa mfagizi wa maabara hiyohiyo iliyotutuma. Walinipandisha cheo kwa sababu ambayo sitaipamba: walihitaji mwanamke. Wapimaji wote walikuwa wanaume, na nyumba za wafanyakazi wa kike haziingiliki ovyo. Wao walisimama mlangoni saa nzima wakitafutiwa mtu wa kuwasindikiza. Mimi nilibisha hodi, nikakaribishwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na miaka kumi na moja nilikuwa nimeosha vioo vya maabara bila kuvunja hata kimoja. Mengine nilifundishwa.

Nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa vijana wengi nikiwaambia nilikuwa mpima radoni hudhani nasema redio. Radoni ni gesi. Hutoka ardhini, kwenye mawe na mchanga wenye chembe za urani, ikapenya kwenye nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba. Haionekani, hainuki, haina ladha. Ikitoka nje hupeperuka ikaisha. Ikiingia kwenye chumba kilichofungwa, hasa cha chini kinachogusana na udongo, hujikusanya, na mtu akiivuta miaka nenda miaka rudi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Mvuta sigara ndiye anayehatarika zaidi. Dubai nayo ni mji wa madirisha yaliyofungwa. Kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, na watu wanashukuru kwa ubaridi.

Kopo la mkaa ni kipimo cha siku nne. Unalifungua chumbani, unaliweka usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na ukuta, mbali na upepo wa kiyoyozi. Madirisha yanafungwa tangu siku moja kabla, na yanabaki hivyo siku zote nne. Mlango ni wa kupita tu, usiachwe wazi. Kisha unafunika kopo, unaliziba kwa utepe, unaandika saa, unalipeleka maabara likasomwe na mashine. Kazi yote imo katika kuziba na kuandika saa. Mtu asiyeweza kufanya mambo madogo vizuri asijisumbue kuomba kazi hii.

Miaka ya mwanzo nilipangiwa Marina, kwenye vyumba vya chini vya minara, walikokaa walinzi na watu wa usafi kati ya zamu na zamu. Kule nililinda makopo yangu kuliko dhahabu. Mlinzi mmoja Mkenya aliniuliza, "Mathe, hii si ni kamera?" Nikamwambia si kamera. Nilipomaliza siku zangu nikakuta kopo limegeuzwa kifudifudi na kufunikwa taulo. "Niliamini, mathe," alisema, "lakini nikasema wacha tu." Ikabidi nianze upya.

Baadaye nilihamishiwa Al Nahda. Huko kazi ilikuwa nyepesi, kwa kuwa wapangaji wengi walikuwa ghorofani, na juu huko gesi ya ardhini haifiki kwa wingi. Nilikuwa nikipanda lifti na makopo yangu, nikishuka na majibu ambayo kila mtu aliyajua. Nilianza kujiona mtaalamu. Hapo ndipo penye hatari, lakini hakuna aliyeniambia.

Kisha ikaja ruzuku. Serikali ilitenga fungu la kuwasaidia wenye nyumba za wafanyakazi kupunguza radoni, na maabara yetu ikawa miongoni mwa zilizopewa kazi ya kupima. Injinia Mkuu alituita sote. Alikuwa mama wa Kijordani, mwembamba, asiyepaza sauti, na tulimwogopa zaidi kwa hilo.

"Ruzuku si zawadi," alisema. "Kwanza kipimo, halafu karatasi, bomba mwisho. Radoni ya nyumba ikipita kiwango cha usalama, mwenye nyumba analipiwa sehemu kubwa ya matengenezo. Isipopita, faili linafungwa, khalas. Kwa hiyo kopo lako likidanganya, umewafungia watu faili."

Nyumba yangu ya kwanza ya ruzuku ilikuwa Dubai Investments Park. Ilikuwa ya akina mama wa kiwanda kimoja cha kufua mashuka ya hoteli, wengi wao Wakenya na Watanzania. Vyumba vya chini vilizama nusu ardhini, ukichungulia dirishani unaona visigino vya wapita njia. Sakafu ilikuwa na nyufa ambazo ningeweza kuingiza kidole. Nilipoziona tu nikajua nyumba hii itapita kiwango, na mwenye nyumba alikuwa amesema wazi kwamba bila ruzuku hatachimbua sakafu ya mtu. Maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi ule.

Msimamizi akanipa kazi ya heshima. "Waandikie tangazo kwa lugha yenu," alisema. "Kwa lugha yenu, waelewe." Nikanunua kalamu nene. Nakumbuka kila neno, na laiti ningesahau: *Wakaguzi wa gesi watakuja vyumbani Jumapili. Vifaa vya kupima gesi vitakaa siku nne. Madirisha yote yafungwe.* Nikalisoma mara tatu, nikaridhika, nikalibandika mlangoni.

Jumapili nikaingia, nikaweka makopo kumi na mawili, vyumba vinang'aa kama vya harusi. Nikawasifu. Baada ya siku nne nikarudi kuyachukua, madirisha yamefungwa vizuri, akina mama wamesimama mmoja mmoja kando ya vitanda vyao. Ukaguzi wenye adabu kama ule sikuwahi kuuona.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Maabara, nilipong'oa utepe wa kopo la kwanza, ilitoka harufu ya udi. La pili, udi. La tatu, udi na kitu kama kitunguu kilichokaangwa. Mkaa ule hunywa kila kitu, haubagui. Mashine ilipotoa majibu, nyumba yangu ya nyufa ilikuwa safi kuliko ghorofa za Al Nahda.

"Mabrook, hongera," alisema Msimamizi, akisukuma fomu mbele yangu. "Nyumba nzima, hewa nzuri. Hewa nzuri. Weka sahihi tufunge."

Nilimwomba anipe mpaka kesho. Akanitazama kama mtu aliyeombwa figo.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, nilikwenda ile nyumba bila kopo wala kitambulisho. Nilipokelewa na Mama Jeptoo, mkubwa wao, mama wa Kericho aliyekuwa mpiga pasi kwenye kile kiwanda kwa mwaka wa tisa. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, hatoki wala haingii.

"Karibu, auntie. Leo umekuja kushika nani?"

"Sikuja kumshika mtu, Mama Jeptoo. Nimekuja kuuliza kuhusu udi."

Nyuma yake akacheka mtu kidogo. Alikuwa Salma, binti wa Unguja aliyekuwa kitengo cha kukunja mashuka. "Mie ndo nilofukiza, mama," alisema. "Kutwa nzima siku zote nne. Nilisema nisije nikawatia wenzangu matatani."

"Matatani gani?"

Mama Jeptoo akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgeni wa mjini. "Sasa auntie, si wewe mwenyewe uliandika wakaguzi wa gesi? Gesi si ni ya meko? Na kupika kwa rumu hapa ni makosa, tutafukuzwa. Tulitoa meko zote, tukapeleka kwa rafiki zetu pale ng'ambo. Halafu tukafungua madirisha harufu itoke."

"Lakini niliandika madirisha yafungwe!"

"Ndio hiyo ilitushtua. Tulisema, huyu anataka harufu ibaki ndani ndio kopo inuse, atushike vizuri. Tukawa tunafungua usiku na mchana, tukisikia gari yenu tunafunga."

Niliketi kwenye kitanda cha mtu bila kukaribishwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Neno gesi, kwa Mswahili yeyote wa kawaida, ni mtungi na jiko. Mimi nilikuwa nimelizoea la maabara mpaka nikasahau lugha ya mama yangu, nikawaandikia watu wangu barua ya polisi.

Nikawaeleza kila kitu, radoni na ruzuku na sakafu. Walisikiliza. Mama Jeptoo akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo hiyo karatasi yenu inasema hewa yetu ni nzuri?" Nikasema ndiyo. "Na si nzuri?" Nikasema sijui, lakini nadhani si nzuri. Akaukanyaga ufa mmoja wa sakafu, akaupima kwa kidole cha mguu.

Sasa niwaeleze shida ilikuwa wapi. Kipimo kilichoharibika hubatilishwa kwa fomu, na fomu hiyo ilikuwa na visanduku viwili vya sababu. Kimoja, kosa la wakaaji. Ukitia alama hapo, nyumba inaondolewa kwenye ruzuku ya mwaka ule, kwa kuwa inahesabika watu walichezea vifaa. Cha pili, kosa la mpimaji. Hapo kipimo kinarudiwa, lakini kibali cha mpimaji kinasimamishwa. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha baada ya wiki tano, na viza yangu ilikuwa imeshikana nao. Mpimaji asiye na kibali, mwajiri gani, kafeel gani, atamlipia viza nyingine? Binti yangu alikuwa chuoni Morogoro kwa mshahara ule. Na palikuwa na njia ya tatu, nyepesi kuliko zote: kuweka sahihi na kunyamaza.

Sitajifanya shujaa. Usingizi ulinipaa, na kulipokucha nilikuwa nimeamua kuweka sahihi. Nilifika ofisini nikiwa nimeamua. Ila nilipoishika ile fomu, mkono wa gauni langu ulinukia udi wa Salma, uliokuwa umeliingia tangu jana, nikaona haya. Nikamwambia Msimamizi nitatia alama kisanduku cha pili, nikaenda kubisha mlango wa Injinia Mkuu.

Msimamizi alinifuata mbio. "Sista, wewe unajua kisanduku hiki ni nini? Unajua?" Alikuwa na hofu kwa ajili yangu, na sikulitegemea hilo.

Injinia Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Nani aliandika tangazo?"

"Mimi, madam."

"Nani alilikagua?"

Msimamizi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji.

"Kwa hiyo tulibandika mlangoni kwa watu karatasi ambayo hakuna aliyeikagua," alisema polepole. "Mwanaidi, tia alama kosa la mpimaji. Kibali chako nakisimamisha leo. Habari ya mkataba tutaiona siku yake. Na tangazo jipya utaandika wewe, kisha utawasomea wenyewe kabla ya kulibandika. Wakisema baya, utaandika jingine. Yalla."

Nikarudi na karatasi tupu. Tuliandika pamoja, akina mama kumi na tano na mimi, tumekaa sakafuni juu ya nyufa zilezile. Neno gesi lilipigwa marufuku. Mmoja alitaka *mvuke*, wengine wakasema huo ni wa sufuria. Mwingine akataka *sumu*, Salma akasema mtu akisoma sumu hatalala humo hata usiku mmoja, na wapi pengine pa kulala? Mwishowe Mama Jeptoo akasema, "Andika tu hewa ya chini. Hewa inatoka chini ya sakafu. Kila mtu ataelewa." Tangazo likawa hivi: *Tunapima hewa ya chini, inayotoka ardhini. Tunapima nyumba, hatupimi watu. Majiko yenu si kazi yetu. Mkifungua dirisha, nyumba itaonekana nzima na haitatengenezwa.*

Makopo yaliwekwa na mpimaji mwingine, mimi nikiwa nimesimama nje kama mgeni. Siku nne zile zilikuwa na joto la kutisha na kiyoyozi cha korido kiliharibika, lakini hakuna aliyegusa dirisha. Salma alifungia udi wake ndani ya sanduku na ufunguo akampa Mama Jeptoo. Kisha majibu yakatoka. Vyumba vyote kumi na viwili vilikuwa vimepita kiwango, na vitatu vimekipita mbali sana. Cha Mama Jeptoo kilikuwa kimojawapo cha vile vitatu.

Maombi yaliingia siku mbili kabla ya kufungwa. Ruzuku ikatoka. Mafundi walitoboa sakafu ya korido, wakateremsha bomba mpaka kwenye kifusi cha chini, wakalipandisha ukutani hadi juu ya paa, na kulifungia feni inayofyonza hewa ya ardhini kabla haijaingia vyumbani. Nyufa zikazibwa. Kipimo cha marudio kilishuka mpaka Msimamizi akakisoma mara nne badala ya mbili. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja, kwa masharti, na kibali kikarudi baada ya mtihani ambao sitaki kuukumbuka.

Nilikwenda siku feni ilipowashwa. Akina mama walipika wali wa nazi, kwa jiko ambalo sikuliona. Mama Jeptoo alinivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei.

"Auntie, hii bomba itatoa hewa ya leo na ya kesho. Na ile nimeshavuta miaka tisa, inatolewa na nini?"

Nilitamani kusema imeshatoka, usijali. Nikamwambia ukweli: hewa imeshatoka, lakini alama iliyoacha hakuna kinachoitoa, wengi hawapati ugonjwa wowote, wengine wanapata, na daktari hawezi kujua mpaka aangalie. Nikamwambia akifika kwao amweleze daktari.

"Nitamwambia nini? Nitamwambia hewa ya chini? Ataniona mwendawazimu."

Nikachukua karatasi kwenye mkoba. Nikaandika jina lake, chumba chake, miaka aliyolala humo, na kipimo tulichopata, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na neno radoni kwa herufi kubwa. Akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti. Nilipoinua kichwa, Salma alikuwa amesimama nyuma yake, na nyuma ya Salma kulikuwa na foleni.

Karatasi zile niliziazima, ya Mama Jeptoo ikiwemo, nikazipeleka kwa Injinia Mkuu zikiwa kumi na tano. Alizipekua zote. "Fomu hii imetoka wapi?"

"Haipo, madam. Nimeiandika mwenyewe."

"Nani ameikagua?"

"Wenyewe, madam."

Akafungua droo, akatoa muhuri wa ofisi, akanisogezea. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, kila nyumba ya ruzuku niliyoipima, kila aliyelala humo aliondoka na karatasi yake. Vijana wanaoishika kazi hii sasa wana mashine zinazopiga hesabu zenyewe na matangazo yenye picha. Ninafurahi, na ninawaambia wasiyaamini matangazo yao mpaka wamsomee anayelala chumbani. Lakini nikiulizwa nilifanya nini katika miaka yangu yote, sitaji mabomba. Mabomba yalilipiwa na serikali. Nataja zile karatasi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilibaki na moja tupu, na muhuri mezani. Nikaandika jina langu. Nikaandika miaka kumi na moja niliyolala kwenye chumba cha chini cha wafagizi, vitanda sita, dirisha moja lisilofunguka. Palipotakiwa kipimo nikaacha wazi. Nyumba ile imeshabomolewa, na miaka ile tulipolala humo, hakuna aliyekuja na kopo.